Mwalimu Mbele ya Swali Geni

Katika mwaka 1963, wanafunzi wa shule ya sekondari ya Magamba, juu katika milima ya Usambara, walikuwa na desturi ya kujitengenezea aiskrimu. Kanuni yao ilikuwa nyepesi: huchemsha maziwa, huyatia sukari, huyaacha yapoe mpaka yalingane na hewa ya chumbani, kisha huyaingiza katika jokofu. Lakini nafasi ndani ya jokofu ilikuwa haba kuliko hamu ya walaji, na siku moja kijana wa kidato cha tatu, jina lake Erasto Mpemba, alimwona mwenziwe akichanganya maziwa na sukari bila ya kuyachemsha, ili awahi nafasi. Naye, kwa kuchelea kukosa chombo cha mwisho, akaona heri aliharibu jokofu kuliko kuikosa aiskrimu, akayatia maziwa yake yakingali moto. Baada ya saa moja na nusu walirudi pamoja kutazama. Maziwa ya Erasto yalikuwa yameganda; ya mwenziwe yalikuwa bado uji mzito.

Kijana akastaajabu, na kwa kuwa alikuwa na mwalimu wa fizikia, akamwendea kumwuliza imekuwaje maziwa ya moto yatangulie kuganda mbele ya maziwa ya baridi. Akajibiwa kwamba amechanganyikiwa, na kwamba jambo hilo haliwezi kutokea. Naye akalikubali jibu. Yafaa tusimame hapo kidogo, maana sehemu hii ya kisa ndiyo ipitwayo upesi na wanaokisimulia: kijana mwenye akili timamu, aliyeona kwa macho yake mawili, akiwa na shahidi kando yake, aliyakadhibisha macho yake kwa sababu mtu mwenye madaraka alimwambia hakuona alichokiona. Hapakuwa na fimbo wala ukali, wala sidhani kwamba mwalimu yule alikuwa mtu mbaya. Alikuwa na vipindi vya kufundisha, na fizikia aliyosoma yeye ilimwambia, kama inavyotuambia sisi sote kwa fikira za haraka, kwamba chenye safari fupi hufika kabla ya chenye safari ndefu. Alilolikosa ni jambo dogo sana, nalo ni kusema: twende tukatazame.

Wakati wa likizo, mjini Tanga, Erasto alikutana na rafiki yake aliyekuwa akitengeneza aiskrimu za kuuza, akamwuliza hufanyaje. Rafiki akamwambia kwamba yeye huyatia maziwa katika jokofu yakiwa moto, kwa kuwa hivyo huganda mapema, na kwamba ujuzi huo aliupata kwa ndugu yake. Mchuuzi wa aiskrimu, basi, alikuwa na maarifa ambayo chumba cha fizikia kilikuwa kimeyakataa. Na hilo si ajabu katika nchi zetu, ambako mvuvi, mwashi na mpika chumvi hujua mambo mengi ambayo shule haijapata kuwauliza.

Baada ya kufaulu mtihani wake alipelekwa shule ya Mkwawa, Iringa, na huko, walipofikia somo la joto na kanuni ya Newton juu ya kupoa kwa vitu, akaliuliza swali lile kwa mara nyingine. Mwalimu akamwambia amechanganyikiwa. Kijana akashikilia. Ndipo mwalimu akasema kwamba hiyo basi ni fizikia ya Mpemba, wala si fizikia ya ulimwengu. Darasa likacheka, na tangu siku ile kila alipokosea hesabu aliambiwa kwamba hiyo ni hisabati ya Mpemba, na wanafunzi wenziwe wakaifanya kauli hiyo kuwa mzaha wao wa kila siku. Kila aliyesoma katika shule zetu anaujua mzaha wa namna hiyo, na anajua jinsi unavyonata. Mwalimu huutamka mara moja akausahau, nalo darasa likaubeba mpaka siku ya kumaliza shule.

Lakini safari hii kijana hakuyakana macho yake. Siku moja aliukuta mlango wa maabara ya biolojia u wazi, akachukua vyombo viwili vidogo, kimoja akakijaza maji ya bomba na kingine maji ya moto, akavitia katika jokofu. Na baada ya saa moja akaona kwamba barafu katika chombo cha maji ya moto ilikuwa nyingi zaidi. Kisha akapata bahati. Dakta Denis Osborne, mwalimu wa fizikia katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, alikuja Mkwawa kuzungumza na wanafunzi, na mwisho wa mazungumzo akawaruhusu waulize. Wengine waliuliza yale yaulizwayo siku zote mbele ya mgeni mwenye shahada. Erasto akasimama akauliza: ukichukua vyombo viwili vilivyo sawa, vyenye maji yaliyo sawa, kimoja cha joto la digrii 35 na kingine cha digrii 100, ukaviweka katika jokofu, kile kilichoanza na digrii 100 ndicho kitanguliacho kuganda, kwa nini?

Wenziwe waliona haya kwa ajili yake, na baadaye wakamlaumu kwamba ameiaibisha shule mbele ya mgeni. Osborne, kwa upande wake, alitabasamu, akamtaka alirudie swali, kisha akamwuliza kama ni kweli, na kama amejaribu mwenyewe. Aliposikia kwamba amejaribu, akakiri kwamba yeye halijui jibu, akaahidi kwamba atakaporejea Dar es Salaam atalifanyia majaribio. Na hakika alilifanyia, maana alimpa kazi hiyo fundi wa maabara yake. Fundi akaleta habari kwamba maji ya moto yametangulia kuganda, akaongeza, kwa uaminifu wa mtu aipendaye kazi yake, kwamba hata hivyo wataendelea kulirudia jaribio mpaka wapate jibu lililo sahihi. Kila nikumbukapo maneno ya fundi huyo hucheka, kisha kicheko hunikauka, kwa kuwa hivyo ndivyo tufanyavyo wengi wetu darasani: twawarudisha wanafunzi katika swali lile lile mpaka watoe jibu tulilokwisha kuliandika kando ya daftari.

Katika mwaka 1969 makala yalitoka katika jarida la walimu wa fizikia la Uingereza, sehemu ya kwanza ikiwa ni masimulizi ya Erasto Mpemba mwenyewe, kuanzia maziwa ya Magamba mpaka kicheko cha Mkwawa, na sehemu ya pili ikiwa ni maelezo ya Osborne juu ya vipimo walivyovifanya, pamoja na jaribio la kufunika uso wa maji kwa utando wa mafuta ili kuzuia mvuke. Jina la mwanafunzi lilitangulia jina la mwalimu. Tangu hapo tukio hilo huitwa, katika vitabu vya sayansi vya lugha nyingi, kwa jina la Mpemba, naye mwenyewe akasomea utunzaji wa wanyama wa pori katika chuo cha Mweka, karibu na Moshi, akafanya kazi ya serikali katika idara ya wanyamapori.

Insafu yataka niseme pia kwamba jambo lenyewe halijakwisha kubishaniwa. Aristotle, Francis Bacon na Descartes walipata kuligusia karne nyingi kabla ya jokofu la Magamba. Katika mwaka 2012 jumuiya ya wanakemia wa Uingereza ilitoa zawadi ya pauni 1,000 kwa atakayelieleza vizuri zaidi, na majibu yapatayo 22,000 yakamiminika kutoka pande zote za dunia. Na katika mwaka 2016 wanazuoni wengine wa huko huko Uingereza walipima wakasema kwamba hawakuona ushahidi wa kutosha wa tukio hilo katika maji. Wako wasemao kwamba sababu ni mvuke, wako wasemao ni mizunguko ya maji ndani ya chombo, wako wasemao ni namna vipimo vinavyowekwa. Kwa madhumuni ya makala haya hilo halinisumbui hata kidogo. Hata ikithibitika kesho kwamba maji ya moto hayatangulii kuganda, Osborne atabaki amefanya lililo sawa na walimu wawili waliomtangulia watabaki wamekosea, kwa sababu walichokipinga hakikuwa kosa la kipimo. Walipinga haki ya mtoto kupima.

Osborne mwenyewe aliandika kwa unyofu kwamba alipolisikia swali alidhani kijana amekosea. Kwa hiyo tusimfanye kuwa mtu wa maajabu aliyeuona ukweli kwa jicho la ndani. Alidhani kama walivyodhani wenziwe wa Magamba na wa Mkwawa. Tofauti yake ni kwamba aliukumbuka wajibu wa mwalimu wa kumzoeza mwanafunzi kuhoji, na kwamba hapana swali lipaswalo kudhihakiwa. Katika kuitafuta maana ya kukuza ubunifu katika shule sijaona tendo lililo dogo na lililo kamili kuliko hilo: kusikia neno lisilolingana na ulijualo, na badala ya kulipima kwa maarifa yako, kumwuliza mwenye kulisema, je, umejaribu?

Aghalabu watu wakisikia ubunifu hufikiri rangi, ngoma na maigizo, wakadhani kwamba shule isiyo na brashi haina la kufanya. Sikatai kwamba sanaa ni mlango mmoja mkubwa, na nitaufikia. Lakini ubunifu hukaa pia katika hesabu, katika jiografia, na katika insha ya Kiswahili, ambako, naomba radhi kwa walimu wenzangu wa lugha, tumeuzika kwa mikono yetu wenyewe. Chukua daftari la mwanafunzi yeyote wa darasa la juu la shule ya msingi, usome insha yake ya siku asiyoisahau. Utamkuta amedamka alfajiri ya Mungu, jogoo la kwanza likiwika, ndege wakitumbuiza kwa nyimbo za kusisimua, jua likichomoza mashariki kwa madaha. Hatari itakapotokea atasema miguu niponye na kutimua mbio kama swara. Na mwisho atakumbuka kwamba asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Kisha funua daftari la jirani yake, na la jirani ya jirani yake, utawakuta ndege wale wale, jua lile lile na swara yule yule. Watoto 50 wameishi siku moja.

Misemo hiyo si mibaya. Ni mali ya lugha, na mtoto anapaswa kuijua. Ubaya ni kwamba tumemfundisha kuwa alama zipo humo, na kwamba jambo aliloliona yeye, yaani nyanya yake akitafuta miwani aliyoivaa usoni, au harufu ya tope la mtaro baada ya mvua, si kitu cha kuandikwa katika insha. Nimepata kuona sentensi ya mtoto iliyosema kwamba siku ya mazishi ya babu yake watu walikula sana. Mwalimu aliipiga mstari mwekundu, akaandika pembeni kwamba haifai. Ilikuwa ndiyo sentensi pekee ya kweli katika ukurasa mzima. Mstari ule mwekundu na kauli ile ya fizikia ya Mpemba ni ndugu wa baba mmoja na mama mmoja.

Huenda msomaji akadhani kwamba naitetea fujo, na kwamba nataka mtoto aachiwe aandike apendavyo na ahesabu apendavyo, pasipo kanuni. Hasha. Wazee wetu wa pwani, ambao hawakuwa na vitabu vya mbinu za ufundishaji, walijua kuikuza fikira ndani ya kanuni kali kuliko zote zilizomo katika shule zetu. Anayejifunza kutunga shairi la tarbia hupewa mishororo minne kwa ubeti, mizani kumi na sita kwa mshororo, nane huku na nane huku, na vina vya kati na vya mwisho visivyo na msamaha. Akizidisha mizani moja huambiwa shairi ni guni, wala hapana atakayemhurumia. Lakini ndani ya kifungo hicho hutakiwa aseme lisilopata kusemwa, na hasa hutakiwa ajibu. Malenga mmoja hutupa fumbo, mwingine hulifumbua kwa bahari ile ile na pengine kwa vina vile vile, kisha humrudishia fumbo jingine. Ndivyo alivyokuwa Muyaka bin Haji huko Mombasa katika karne ya 19, na ndivyo yalivyokuwa malumbano katika gazeti la Mambo Leo, lililoanzishwa Tanganyika katika mwaka 1923, ambamo makarani, walimu na wakulima walijibizana kwa miezi mingi juu ya jambo moja. Mwenye kutupa fumbo hakujua atajibiwa nini. Kanuni ilijulikana na wote. Jibu halikujulikana na mtu. Mpango huo, kwa mawazo yangu, ndio mpango bora wa kipindi cha shule, nao umekuwa miguuni petu siku zote.

Katika sanaa ya uchoraji na uchongaji, mfano ulio karibu nasi ni Makerere. Bibi Margaret Trowell, Mwingereza aliyesomea sanaa mjini London, alianza katika mwaka 1937 kuwakusanya wanafunzi wachache katika baraza ya nyumba yake mjini Kampala, na kutokana na baraza hiyo ikatoka shule ya sanaa ya Makerere. Njia yake, aliyoipata kwa mwalimu wake Marion Richardson, ilikuwa ya kuwanyima wanafunzi kielelezo: hakuwawekea chungu juu ya meza wakinakili, bali aliwasimulia kisa au mandhari kwa maneno, kila mtu akaiona picha moyoni mwake, kisha akaichora. Njia hiyo ilizaa. Gregory Maloba wa Kenya, aliyekuwa mwanafunzi wake kisha mwalimu pamoja naye, ndiye aliyechonga sanamu ya uhuru wa Uganda ya mwaka 1962, iliyosimama mpaka leo katikati ya Kampala. Sam Ntiro wa Machame, Kilimanjaro, alikwenda kusoma London akarudi na mkono wake ule ule, watu wake wakiwa katika migomba na katika kazi za ujima, rangi wazi bila vivuli. Picha yake moja ya mwaka 1956 ikanunuliwa na jumba la sanaa za kisasa la New York, na yeye mwenyewe, ilipofika mwaka 1961, akawa balozi wa Tanganyika mjini London. Elimo Njau wa Marangu alichora, katika mwaka 1959, kuta za kanisa la ukumbusho huko Murang'a, akaiweka habari ya Yesu, tangu kuzaliwa mpaka kusulubiwa, katika vilima na miti ya nchi ya Wagikuyu. Na alipoanzisha pamoja na wenziwe jumba la Paa ya Paa mjini Nairobi katika mwaka 1965, alilifanya katazo la kunakili kuwa karibu sawa na amri ya dini.

Hata hivyo Bibi Trowell hakuepukana na dosari. Alichelea mno kwamba elimu ya sanaa ya Ulaya ingewaharibu wanafunzi wake, na mtu anayechelea hivyo kwa niaba ya wengine hujipa, pengine bila ya kukusudia, cheo cha kuamua Mwafrika halisi ni yupi na achore nini. Kumnyima mwanafunzi jibu ni malezi. Kumnyima ala na maarifa ni dhuluma, hata ikiwa nia ni njema. Na mlima ule ule wa Makerere uliofungua mlango wa rangi ulifunga mwingine: Sarah Nyendwoha, mmoja katika wanawake wa awali kusoma pale baada ya chuo kuwapokea wanawake katika mwaka 1945, alitaka kusoma hisabati, na mwalimu wa hisabati akakataa kulifundisha darasa lenye mwanamke ndani yake. Akageukia masomo mengine, akafika Oxford, akapata shahada katika mwaka 1954, wa kwanza kati ya wanawake wa Afrika ya Mashariki na ya Kati. Baadaye aliolewa na huyo huyo Sam Ntiro. Hisabati ilipoteza nini siku ile, hapana awezaye kuhesabu.

Nimtaje na mmoja zaidi, kwa kuwa habari yake inawahusu walimu hasa. Rosemary Karuga alikuwa mwanamke wa kwanza kusoma sanaa Makerere, tangu mwaka 1950 mpaka 1952. Kisha akafundisha shule nchini Kenya kwa miongo mingi, na miaka ya kazi ikapita bila ya jina lake kusikika. Baada ya kustaafu, katika miaka ya 1980, kwa kuwa hakuwa na fedha za kununulia rangi, alianza kukata karatasi za mifuko ya unga na za sabuni ya Rexona, akazibandika zikawa wanyama, ndege na watu wa shambani. Katika mwaka 1990 kazi hizo zilionyeshwa Harlem, New York. Wengi husimulia kisa chake kama sifa ya ustahimilivu, nami sipingi. Walakini mimi husikia ndani yake swali jingine: katika miaka yote ile aliyosimama mbele ya watoto, ni nini katika shule zetu kilichomfanya mtu mwenye karama ya namna hiyo aingoje pensheni ndipo aitumie?

Jawabu, naona, ni mtihani na wingi wa watoto. Mwalimu mwenye watoto 80 katika chumba kimoja, na mkaguzi atakayemwuliza amefika ukurasa wa ngapi, hawezi kulaumiwa sana akiliogopa swali la Erasto Mpemba, maana swali hilo litamlia kipindi kizima. Na wazazi nao huisoma shule kwa nambari ya mwana wao katika orodha. Huko Kenya, masomo ya sanaa na kazi za mikono yalipoondolewa katika mtihani wa kumaliza shule ya msingi, shule nyingi ziliviacha vipindi vyake katika ratiba ya ukutani na kuvigeuza kuwa vya hesabu. Mtaala mpya wa umilisi, ulioanza kuenea nchini humo mwaka 2019, umeutaja ubunifu kuwa mmoja wa umilisi saba ambao kila mtoto anapaswa kuupata. Jambo jema, ila jioni nyingi zilionekana baba na mama wakikata makatoni na kufunga sanamu za kutishia ndege mashambani, mtoto akiwa amelala, ili kazi ipelekwe asubuhi ikiwa nzuri. Alama alipata mtoto. Ubunifu ulikuwa wa baba.

Kwa upande wa Tanzania, watu waliosoma Elimu ya Kujitegemea ya Mwalimu Nyerere, iliyotoka mwaka 1967, wanakumbuka shamba la shule, na mabanda ya kuku, na jembe. Ni wachache wakumbukao kwamba katika waraka ule ule Mwalimu alitaka shule imjenge mtoto kwa mambo matatu: akili ya kudadisi, uwezo wa kujifunza kwa wafanyayo wengine na kuyakataa au kuyageuza yamfae, na kujiamini. Ilikuwa ni miaka ile ile ambayo Osborne na kijana wake walikuwa wakigandisha maji. Sisi tulilishika jembe, tukaiacha akili ya kudadisi pale ilipoandikwa.

Haya yote hayahitaji fedha kama tunavyodhani. Mwalimu wa hesabu aweza kuandika ubaoni kwamba jibu ni 24, akawataka watoto walete maswali. Atapata ya kujumlisha kwa walio dhaifu, ya eneo la uwanja kwa walio hodari, na moja au mawili ambayo itambidi akayafikirie nyumbani. Mwalimu wa insha aweza kupiga marufuku jogoo na jua kwa muhula mmoja tu, aone watoto wataianzaje siku. Mwalimu yeyote aweza, akishauliza, kunyamaza kwa muda mrefu kuliko anavyozoea, kwa maana sisi walimu hatuvumilii kimya, na sekunde tatu zikipita twajijibu wenyewe. Na mwalimu asiyejua aweza kusema sijui. Heshima yake haitapungua darasani hata chembe, maadamu kesho yake arudi na alichokitafuta, au awatume wao wakakitafute.

Lakini mwalimu mmoja mmoja hawezi kushindana na mtihani milele. Kwa hiyo ombi langu ni kwa mabaraza ya mitihani ya Tanzania na ya Kenya: katika kila karatasi ya mtihani wa mwisho, iwe ya sayansi, ya historia au ya Kiswahili, liwepo swali moja lisilo na jibu katika mwongozo wa kusahihishia, ambalo mtahiniwa atapewa alama kwa namna alivyofikiri na kwa jinsi angelijaribu jambo lenyewe. Wasahihishaji watalalamika kwamba kazi imekuwa ngumu, na watakuwa wamesema kweli, walipwe zaidi. Mwaka wa kwanza majibu yatakuwa maskini. Mwaka wa pili walimu watakuwa wameanza kuyafundisha, kwa kuwa mwalimu wa Afrika ya Mashariki hufundisha kile kitakachoulizwa, na hapo ndipo tutakapoweza kuyatumia mazoea hayo, ambayo tumeyalaumu miaka mingi, kwa faida ya watoto.